Seramu za Vitamini C: Tujue Tunachonunua



Anayepita leo katika maduka ya vipodozi ya Morogoro mjini, kuanzia jirani ya Soko Kuu la Chifu Kingalu hadi Msamvu, hakosi kukuta vichupa vidogo vyenye picha ya chungwa lililokatwa katikati. Vimeandikwa kuwa ni seramu za vitamini C. Muuzaji husema vinang'arisha uso, vinaondoa madoa na kurudisha ujana. Zamani bidhaa hizi zilikuwa za watu wachache wenye uwezo; sasa zimo katika mikoba ya wanafunzi wa vyuo na ya kina mama wanaojiandaa kuoza mabinti zao.

Katika msikiti wetu jambo hili lilifika mezani pa kamati kwa njia ya pesa. Kina mama wa kikoba chetu, ambao wengi wao ni wauza mboga, mama lishe na wajane wanaosomesha watoto, walipata pendekezo la kuchukua sehemu ya fungu lao na kununua katoni za seramu kwa jumla ili waziuze rejareja. Walitaka kujua mambo matatu. Je, dawa hizi ni mkorogo kwa jina jipya? Je, zinazuia wudhu? Na je, pesa ya wajane ni salama ikiwekwa humo? Hatukuwa tayari kujibu kwa kukisia. Tulitafuta elimu kwa wanaojua, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa kwa kuwa tunaamini maswali hayo si ya msikiti mmoja tu.

Vitamini C ni kitu gani

Kabla haijawa kipodozi, vitamini C ilijulikana kwa ugonjwa unaompata aliyeikosa. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mgonjwa huvimba fizi na kutoka damu, meno hulegea, na makovu ya zamani yaliyokwisha kupona hufunguka upya. Mabaharia waliokaa baharini miezi mingi bila matunda walikufa kwa wingi. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 melini, akawagawa wawili wawili na kuwapa kila wawili tiba tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopata nafuu ya haraka. Ilimchukua binadamu karibu karne mbili zaidi kukijua kitu chenyewe kilichomo ndani ya tunda. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alikitenga mwaka 1928, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Kikaitwa asidi askobiki, jina lenye maana ya kitu kinachoondoa kiseyeye.

Kwa nini makovu hufunguka? Kwa sababu ngozi yetu imeshikwa na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, mithili ya kamba zilizosokotwa. Vimeng'enya vya mwili vinavyozisokota kamba hizo haviwezi kufanya kazi bila vitamini C. Ikikosekana, kamba hulegea. Mbuzi huitengeneza vitamini hii ndani ya mwili wake mwenyewe. Binadamu hawezi, na kila siku hana budi kuipata katika chakula.

Hapa ndipo sisi wakazi wa chini ya milima ya Uluguru tunapopaswa kumshukuru Mola wetu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo vimependekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Chungwa moja la wastani lina takriban miligramu 70. Gramu 100 za papai zina kama 60, na gramu 100 za pera zina zaidi ya 200. Machungwa, mananasi na mapapai yanayoshuka kutoka Matombo na Kinole, na mboga za majani zinazotoka Mgeta, zinatosha kuipa familia nzima haja yake, mradi mboga zisichemshwe mno na maji yake kumwagwa, maana vitamini hii huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto. Damu ikishajaa kiasi chake, ziada hutolewa kwa mkojo. Kwa hiyo anayekula pera moja kila siku hatapata ngozi bora zaidi kwa kumeza vidonge vya bei kubwa juu yake.

Kwa kuwa damu ina kikomo cha kile inachoweza kukifikisha kwenye ngozi, watengenezaji wa vipodozi waliwaza njia nyingine, yaani kuipaka vitamini C juu ya ngozi moja kwa moja.

Kwa nini huharibika chupani

Sifa ya vitamini C ndiyo pia udhaifu wake. Miale ya jua ikipenya ngozini huzalisha chembe haribifu zinazoshambulia seli na kolajeni. Vitamini C hujitoa mbele na kushambuliwa yenyewe, seli zikasalimika. Kila mama anayekamua ndimu juu ya parachichi lililokatwa ili lisigeuke rangi ameliona jambo hili jikoni mwake. Lakini kitu kilicho tayari kujitoa namna hiyo hakichagui wakati. Kikiwekwa ndani ya chupa hujitoa kwa hewa iliyomo ndani, kwa mwanga unaopita kwenye kioo, kwa joto la rafu, hata kwa maji yenyewe kilichoyeyushwa ndani yake. Seramu iliyokuwa nyeupe kama maji hugeuka manjano, kisha rangi ya chai. Ikifika hapo nguvu yake imekwisha, na mnunuzi anajipaka mabaki.

Kuna uzito wa pili. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe, ambayo kimaumbile inakaribia ya binadamu. Waligundua kuwa asidi askobiki haiingii ngozini vizuri ila uchachu wake uwe mkali, yaani pH iwe chini ya 3.5. Waligundua pia kuwa kuzidisha kiasi kupita asilimia 20 hakuongezi faida, na kwamba ikishaingia ngozini nusu yake hubaki kwa takriban siku nne. Kwa maneno mengine, seramu inayofanya kazi vizuri ni ileile inayouma usoni na inayooza upesi. Katika mji wenye joto kama wetu, ambako chupa huanikwa kwenye kioo cha duka kinachopigwa na jua la mchana, mtihani huo ni mkubwa.

Vitamini C yenye kofia

Wanakemia walitafuta njia ya kuifanya ivumilie. Waliona kuwa sehemu inayoshambuliwa kwanza ni mahali maalumu katika umbo la molekuli yake. Wakapafunika mahali hapo kwa kofia. Baadhi walitumia kofia ya fosfeti, wakapata sodiamu askobili fosfeti na magnesiamu askobili fosfeti. Wengine, huko Japani, walitumia sukari itokanayo na wanga, wakapata askobili glukosidi. Hizi ndizo ziitwazo vitamini C tulivu. Hufanana na muhindi uliobaki ndani ya maganda yake, ambao hukaa muda mrefu kuliko uliomenywa. Hazihitaji uchachu mkali, hivyo haziumi sana, na hukaa muda mrefu zaidi bila kubadilika rangi. Zikifika ngozini, vimeng'enya vya mwili huivua kofia na kuiacha vitamini huru.

Si kila kofia imekaa panapostahili. Ipo askobili palmiteti, ambayo kofia yake ni ya mafuta na imewekwa upande mwingine wa molekuli, mbali na mahali panaposhambuliwa. Hii huchanganyika vizuri na krimu, lakini haina utulivu wa zile za fosfeti na sukari. Majina yanafanana mno kwenye karatasi ilhali tabia zake hazilingani.

Msomaji asiyejua Kiingereza atazitambuaje? Watengenezaji waaminifu huorodhesha viambato vyote nyuma ya chupa au kwenye boksi. Atafute neno linaloanza kwa herufi A-S-C-O-R-B. Likiwa limo, na likiwa karibu na mwanzo wa orodha, kuna vitamini C ya kutajika, kwa kuwa viambato vingi hutangulizwa na vichache hufuata. Likiwa mkiani kabisa, baada ya manukato, chungwa la kwenye picha lina ukubwa kuliko vitamini iliyomo. Na neno hilo likikosekana kabisa, hiyo si seramu ya vitamini C hata kama chupa nzima imepakwa rangi ya machungwa.

Faida yake na mpaka wake

Uadilifu unatutaka tuseme pande zote mbili. Utafiti uleule wa mwaka 2001 ulipojaribu magnesiamu askobili fosfeti na askobili palmiteti haukuona kiwango cha vitamini C kikipanda katika ngozi ya nguruwe. Kofia inayoilinda chupani ndiyo hiyohiyo inayoizuia kupenya. Kwa upande mwingine, watafiti wa Japani mwaka 1996 walichapisha matokeo ya krimu yenye asilimia 10 ya magnesiamu askobili fosfeti kwa binadamu. Kati ya watu 34 waliokuwa na mabaka ya usoni au madoa ya uzee, 19 walipata nafuu ya wazi. Kati ya watu 25 waliokuwa na ngozi ya kawaida isiyo na tatizo, ni watatu tu ambao ngozi yao ilionekana kung'aa zaidi.

Tunamwomba msomaji azitazame tena hesabu hizo mbili. Kwenye doa, zaidi ya nusu walisaidika. Kwenye ngozi nzima yenye afya, karibu wote walibaki kama walivyokuwa. Vitamini C hupunguza kidogo kazi ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na hilo huonekana pale rangi ilipozidi, kama vile mabaka yanayowapata wanawake wengi wakati wa ujauzito au alama nyeusi zinazoachwa na chunusi. Huenda polepole, na kwa baadhi ya watu haisaidii kabisa. Haina uwezo wa kumtoa mtu katika rangi aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kina mama lina jibu. Vitamini C ya kweli si mkorogo. Lakini jibu hilo linazaa kipimo, na kipimo hicho tunataka kila nyumba ikishike. Ikiwa kichupa kilichoandikwa vitamini C kimekufanya mweupe ndani ya wiki mbili, basi kilichofanya kazi hiyo si vitamini C.

Jina jema juu ya sumu

Vinavyofanya kazi hiyo vinajulikana. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huzuia rangi na wakati huohuo huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa kuibana duniani, vipodozi vikiwemo. Zebaki haikai kwa aliyejipaka peke yake. Huhamia kwenye taulo, kwenye mto, na kwa mtoto anayebebwa kifuani. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo madaktari wa Afrika Kusini walieleza mwaka 1975 jinsi matumizi yake ya muda mrefu yanavyoacha mashavuni madoa meusi yenye ubuluu ambayo ni shida mno kuyaondoa. Aliyekimbia weusi hupewa weusi mwingine usio na tiba rahisi. Cha tatu ni dawa za steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo daktari huziandika kwa magonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni kila siku ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi hufumka, na anayejaribu kuacha hujikuta uso unawaka.

Katika historia kuna jambo la kuzingatia hapa. Tadeus Reichstein, mwanakemia wa Uswisi, ndiye aliyefungua mwaka 1933 njia ya kutengeneza vitamini C kiwandani kutokana na glukosi. Mtu huyohuyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na wenzake kwa uchunguzi wa homoni za tezi zilizo juu ya figo, ikiwemo kotizoni, ambayo ni ya ukoo mmoja na steroidi tulizozitaja. Vitu viwili vilivyotoka katika elimu ya mtu mmoja, kimoja hupatikana katika pera na kingine ni dawa nzito iliyookoa maisha ya wagonjwa wengi, leo vinaweza kukutana ndani ya kichupa kisicho na maelezo. Steroidi hufanya kazi, na jina la vitamini C hufanya mnunuzi asiogope.

Ndiyo maana usajili si urasimu mtupu. Hadi mwaka 2019 vipodozi nchini vilisimamiwa na iliyokuwa TFDA. Tangu hapo TFDA ikawa TMDA ikibaki na dawa na vifaa tiba, na usimamizi wa vipodozi ukahamia TBS. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa imesajiliwa, nani aliyeitengeneza, toleo gani, na inaisha lini. Muuzaji mwaminifu haudhiki kuulizwa.

Tuonye pia kuhusu njia ya mkato ya nyumbani. Wapo wanaosema, kwa kuwa vitamini C imo katika limau, basi tukate limau tujisugue uso. Maji ya limau yana uchachu unaochubua, na jamii hii ya matunda ina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi kwa majuma au miezi. Limau na ndimu mahali pake ni mezani.

Jua la Uluguru

Rangi yetu si kasoro iliyohitaji kurekebishwa. Morogoro ipo chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na rangi nyeusi ni kinga aliyotupa Muumba dhidi ya jua la mahali hapa. Aliyeiondoa kinga hiyo kwa mkorogo amebaki uchi mbele ya jua. Wanaoishi Mgeta na vijiji vya juu wasidanganywe na baridi. Kila unapopanda mita 1,000 nguvu ya miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10, hata kama mwili unahitaji sweta.

Wazee wetu walilijua hili kwa vitendo. Katika mila ya kumweka mwali ndani, inayojulikana kwa Waluguru na jirani zao Wakutu na Wazaramo, binti aliyetoka alisifiwa kwa ngozi yake laini na yenye mng'ao. Hatuandiki hapa kuhukumu mila hiyo. Tunatazama sababu yake tu. Binti yule alikuwa amekaa muda mrefu bila kupigwa na jua. Hakuna seramu inayoweza kumfanyia hivyo mtu anayetoka saa saba mchana kichwa wazi. Mwenye mabaka ya ujauzito akipaka vitamini C bila kujikinga na jua, jua litarudisha kila siku kile ambacho dawa imepunguza usiku. Ushungi mpana, mwavuli, na losheni ya kuzuia jua ndivyo vitangulie, seramu ifuate.

Losheni ya kuzuia jua ni jambo la uhai kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana kinga hiyo ya rangi na hupatwa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha RDTC kilichopo KCMC, imetengenezwa losheni iitwayo KiliSun kwa ajili yao. Familia yenye uwezo wa kununua seramu na ambayo jirani yake ana mtoto mwenye ualbino asiye na kofia pana wala losheni, ijiulize ipi kati ya pesa hizo mbili ina thawabu zaidi.

Wudhu na halali

Swali la pili lilihusu ibada. Kanuni inayofahamika ni kwamba kitu chenye umbo kinachofunika ngozi na kuzuia maji, kama rangi ya kucha, hakina budi kuondolewa kabla ya wudhu, na kwamba athari ya mafuta au rangi isiyo na tabaka haizuii. Seramu za fosfeti na za glukosidi ni majimaji yanayofyonzwa, hayaachi tabaka. Zikiacha utando unaonata, mtumiaji aoshe kwanza. Na kwa faida ya dawa yenyewe, tunashauri ipakwe baada ya Swala ya Isha, ngozi ikiwa safi na ikiwa haitaoshwa tena hadi Alfajiri. Losheni ya kuzuia jua, kinyume chake, huondoka kwa maji, hivyo anayetawadha kwa Swala ya Adhuhuri akiwa shambani au sokoni airudie baada ya swala.

Kuhusu asili yake, askobiki ya kiwandani hutengenezwa kutokana na glukosi ya mimea, aghalabu ya mahindi, wala haikamuliwi katika chungwa. Picha ya chungwa ni pambo. Penye shaka ni viambato vingine, kama mafuta ambayo chanzo chake hakikutajwa, au spiriti iliyotumika kuyeyusha. Katika haya maulamaa wana kauli zao, na kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini akiwa na boksi mkononi.

Ushauri wetu kwa kikoba

Tukarudi kwenye pesa. Kina mama walimtaka mfanyabiashara alete sampuli na maelezo. Alileta aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na boksi, orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi, haina orodha wala tarehe, na alipoulizwa kuna nini ndani alisema hiyo ndiyo inayofanya kazi haraka na ndiyo wateja wanayoirudia. Mama mmoja mzee, ambaye hakusoma kemia popote, alisema kuwa kinachofanya kazi haraka na hakina jina yeye hawezi kumpa mtoto wa mwenzake. Aina ya pili ikarudishwa palepale.

Aina ya kwanza nayo haikununuliwa kwa katoni. Tuliwashauri, nao wakaridhia, kwamba mali inayoharibika kwa joto na yenye tarehe ya mwisho haifai kubeba akiba ya mjane. Atakayetaka ataagiza chupa yake na kulipa, na ikifika ataambiwa wazi inachofanya na isichofanya. Fungu kubwa likabaki katika biashara wanazozijua. Faida waliyoahidiwa katika katoni ilikuwa nono, na hatufichi kuwa wapo walioondoka na huzuni siku ile. Lakini sote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka na kukuta unyevu uliofichwa chini, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Chupa isiyo na maelezo ni rundo ambalo hata muuzaji mwenyewe hajaingiza mkono ndani yake.

Kwa familia tunasema hivi. Chupa ichaguliwe ile ya kioo cheusi au kahawia, au isiyopitisha mwanga, na ifungwe vizuri. Ihifadhiwe mahali penye baridi na giza, mbali na dirisha. Penye jokofu, humo ni bora. Ikigeuka rangi ya chai itupwe. Kabla ya kuipaka usoni ijaribiwe kwanza ndani ya mkono kwa siku mbili au tatu. Apewe nafasi ya miezi mitatu, bila kuongeza dawa nyingine juu yake. Akinamama wajawazito na wanaonyonyesha wamuulize mhudumu wa afya kabla ya kuanza kipodozi chochote cha kutibu ngozi. Na ambaye amekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu asiache ghafla kwa aibu na kimya. Aende hospitali, achukue kopo lake, aonyeshe. Daktari amekwisha kuyaona hayo mara nyingi.

Kwa kina baba tuna neno moja. Utafiti uliofanywa na wanawake wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011 ulitaja, miongoni mwa sababu za kujichubua, kutaka kumridhisha mume au kuvutia mchumba. Binti huyasikia maneno ya baba yake anapomsifu mtoto mweupe wa jirani. Mke huyasikia mumewe anapotazama picha za harusi. Hakuna tangazo la TBS litakaloingia katika vyumba hivyo. Mwanamume anayekasirika kuona kopo la mkorogo chini ya kitanda aanze kwa kuyakumbuka maneno yake mwenyewe, kisha aseme mengine yaliyo mema, na ayaseme mbele ya watoto.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, azilinde afya za mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, na abariki akiba za wanyonge. Wabillahi tawfiq.